Kichwa Kisichoguswa

Mpandikizi alikuwa na vidole kumi na sita, kila kimoja chembamba kama sindano ya kushonea shanga, na hakuwa na haraka hata kidogo. Aliinama juu ya kisogo cha Nasieku Lukumay, akachomoa unywele mmoja pamoja na mzizi wake, akauinua kwenye mwanga, akaukagua kwa jicho lake la kioo, akautumbukiza kwenye kibakuli cha maji baridi. Kisha wa pili. Kisha wa tatu. Kazi ambayo zamani iliwachosha madaktari watatu kutwa nzima, yeye aliifanya huku akipiga soga. Ndiyo, soga. Waliomuunda waligundua kwamba mtu aliyelala kifudifudi akiwa macho huogopa chumba kikiwa kimya, basi wakampa sauti, tena sauti ya upole.

"Umelala vizuri, dada Nasieku?"

"Nimelala. Nishazoea."

"Naona tumewahi kukutana."

"Tumekutana mwaka juzi. Ulipanda, hazikuota."

Vidole vilisimama kidogo. "Pole sana. Ile miche niliikagua mmoja mmoja. Ilikuwa mizima."

"Najua. Kosa halikuwa lako."

Pembeni, kwenye kiti kirefu, Daktari Hidaya Mrutu alikuwa akinywa chai ya tangawizi na kufuatilia kila kitu kwenye kioo cha ukutani. Alikuwa mama wa makamo, mwenyeji wa Same, mwenye maneno ya mkato na mikono ya huruma. Mashine ilifanya kazi ya vidole. Kazi ya kuamua ilikuwa yake.

"Mpandikizi, usimchoshe mgonjwa," alisema. "Dada Nasieku, ganzi ikianza kupungua sema mapema. Usijifanye shujaa."

"Sijifanyi, daktari. Nasikia tu kama mtu anachambua mchele kichwani mwangu."

Hapa inabidi nieleze habari ya taji, maana bila taji Nasieku asingekuwa pale kitandani, uso umezama kwenye tundu la mto, akitazama sakafu.

Miaka hiyo machimbo makubwa hayakuwa Mererani wala Geita. Yalikuwa mwezini. Hakuna binadamu aliyekaa kule; zilikaa roboti za kuchimba, na waliokuwa wakiziendesha walikuwa Arusha, kwenye jengo refu upande wa Njiro, wamekalia viti vya kuzunguka, kila mmoja na chupa yake ya chai. Mwendeshaji alivaa taji: duara la chuma chepesi lenye vifungo saba vya kugusa ngozi ya kichwa. Vifungo vilisoma nia ya mwendo kabla mkono haujajongea. Ukiwaza kuinua, roboti kule juu inainua, baada ya kuchelewa kidogo kama mtoto aliyeamshwa usingizini. Nasieku alivaa taji tangu alipotoka chuo, na alikuwa hodari kweli. Kulikuwa na miamba ambayo wenzake waliikwepa wakimwachia yeye, na yeye aliipasua taratibu huku akiimba kwaya.

Sasa vile vifungo vilikuwa na joto. Si joto kali, la hasha. Joto la kikombe cha chai iliyoanza kupoa. Lakini hebu kishikilie kikombe hicho mahali pamoja kichwani mwako asubuhi mpaka jioni, miaka nenda miaka rudi. Nywele za Nasieku zilinyonyoka kwanza kwenye panja, halafu juu ya paji la uso, halafu utosini, mpaka akawa na mabaka saba ya mviringo, ngozi yake imebonyea na kung'aa kama sehemu iliyowahi kuungua. Waendeshaji wote walikuwa nayo. Walijuana sokoni kwa jinsi walivyofunga vilemba. Baadaye kampuni ikaleta taji jipya lisilogusa ngozi, ikatangaza kwa fahari kwamba tatizo limekwisha. Kwa vichwa vipya, ndiyo, lilikuwa limekwisha.

Daktari Hidaya alishuka kitini, akaja kuinama karibu na sikio la mgonjwa wake.

"Nakukumbusha tena, maana mara ya kwanza nilikosea kudhani umeelewa. Kisogo chako si shamba lisilo na mpaka. Leo nachukua karibu nywele zote zilizobaki za kuchukua. Hizi zikifa, sina pengine pa kuchota. Tutakuwa tumebomoa nyuma ili kuziba mbele, na mbele kwenyewe hakujazibika. Hakuna mara ya tatu."

"Nimeelewa, daktari."

"Mara ya kwanza pia ulisema umeelewa."

Nasieku akacheka akiwa amefunikwa uso, na Mpandikizi akamwomba kwa heshima asitikise mabega.

Habari ya mara ya kwanza daktari alikuwa anaijua, ila kila akiikumbuka alishindwa kuamua acheke au alie. Mwaka ule upasuaji ulikwenda vizuri mno. Nasieku alipewa masharti, na masharti yalikuwa yameandikwa vizuri na watu makini wa nchi ya mbali walikotengenezewa akina Mpandikizi: asivae kofia, asiogelee, asicheze mpira wa kichwa, asilale kifudifudi, asijikune. Alifuata yote. Siku chache baadaye akaenda nyumbani kwao Ngaramtoni kumsalimia baba yake, Mzee Sirikwa. Mzee alikuwa amekaa nje kwenye kigoda chake. Nasieku akamkaribia, na miguu na shingo vikafanya vilichofanya tangu akiwa mtoto wa kutembea: akainama, akatoa kichwa. Ndivyo binti wa Kiarusha anavyomwamkia baba yake. Na baba ndivyo anavyoitikia: anaweka kiganja utosini.

"Takwenya," akasema Mzee Sirikwa, na kiganja kikatua juu ya miche.

"Iko," akaitikia Nasieku, na palepale akakumbuka.

Aliporudi kliniki, Daktari Hidaya alitazama ile miche iliyolala na kung'oka, akauliza polepole, "Nani alikushika kichwa?"

"Baba."

"Baba tu?"

"Na baba mdogo. Na mzee wa kanisa. Na mzee Lembris wa jirani, na shemeji zake wawili walikuwa wamekuja kuangalia ng'ombe."

"Mlikuwa mnafanya nini jamani?"

"Tulikuwa tunasalimiana, daktari."

Watu makini wa nchi ya mbali walikuwa wamewaza kuogelea, wamewaza kofia, wamewaza mpaka mpira wa kichwa. Salamu hawakuiwaza. Kwao hakuna mtu mzima anayempa mwenzake kichwa.

Basi safari hii ya pili, vidole kumi na sita vilipomaliza kuchota kisogoni, Nasieku akageuzwa na kuketishwa nusu, na Mpandikizi akaanza kupanda. Alitoboa ngozi ya baka, akachomeka mche, akaubana kidogo, akahamia unaofuata, akiupa kila mmoja mwelekeo wake ili nywele zije kulala kama zilivyolala za zamani. Daktari alimsahihisha mara mbili tatu kwenye panja. Kovu ni gumu kupanda, alieleza, damu yake ni chache, kila mche unapigania tone lake. Ndiyo maana hautakiwi kutikiswa mpaka ushike.

"Niulize kitu," alisema daktari. "Akina mama wa kwenu wengi wananyoa upara safi, wakivaa shanga zao wanapendeza. Ungenyoa tu. Kwa nini unateseka mara mbili?"

Nasieku alitaka kusema ni urembo, na lisingekuwa neno la uongo kabisa. Alitamani sana kusukwa tena. Lakini hakusema hivyo.

"Baba anaumwa ule ugonjwa wa kusahau. Macho yake mlishayatibu, anaona mpaka sisimizi, ila akiona uso haujui ni wa nani. Akisikia sauti, vilevile. Ananiangalia anasema karibu mgeni. Lakini nikiinama akaniwekea mkono, jina linakuja lenyewe. Anasema, Nasieku. Mkono wake unakumbuka."

"Hilo linawezekana," alisema daktari. "Mkono uliorudia jambo moja maisha yote huchelewa kusahau."

"Sasa akishaniita jina, vidole vinafika kwenye mabaka. Anasimama. Ananiuliza, mwanangu, umefanywa nini? Bado vinauma? Namwambia haviumi, baba. Analia. Kesho yake amesahau, ananigusa, anaona kwa mara ya kwanza, analia upya. Kila siku mimi naunguzwa leo. Nataka anishike kichwa akute nywele. Aniite jina, basi, tunywe chai."

Daktari Hidaya aligeuka upande wa pili akafanya kama anatengeneza taa.

"Niendelee?" aliuliza Mpandikizi.

"Endelea," alisema daktari, na sauti yake haikuwa ya mkato.

Kazi ilipokwisha, daktari alimshauri akae kwenye hosteli ya kliniki mpaka miche ishike. Nasieku alikataa katakata. Baba ana siku nzuri na siku mbaya, alisema, na nikijificha huku naweza kutoka nikute zile nzuri zimekwisha. Walivutana, mwisho daktari akaingia stoo akatoka na kitu kilichofanana na ukingo wa ungo. Kiliitwa duara la ulinzi. Kilikaa mabegani kwa vishikio laini, kikazunguka kichwa bila kukigusa, na mtu yeyote akisogeza mkono karibu, kilimwonya kwa sauti. Kilitengenezwa kwa ajili ya watoto wanaojikuna.

"Nimekirekebisha," alisema daktari. "Sasa kinawaelewa na wazee."

Ngaramtoni alipokewa na wifi yake, Mama Meshili, mke wa kaka yake, ndiye aliyekuwa akimtunza mzee. Kaka mwenyewe alifanya kazi reli ya kati na alikuja mwisho wa mwezi. Mama Meshili alimtazama wifi yake akishuka garini, uso umevimba mpaka macho yamekuwa mistari, kichwa kimejaa vitone vyekundu, na lile duara mabegani.

"Wifi," akasema, "umekuja na sahani yako mwenyewe? Humu ndani tunazo."

"Nicheke kesho. Leo nikicheka uso unauma."

"Haya, pole mama. Ingia, nimekutandikia mito minne. Daktari wako kanipigia simu, kanitisha mpaka nikaogopa kukusogelea." Alikuwa amemshika kiuno tayari, anamwongoza kwa upole kama anavyoongozwa mzazi aliyetoka kujifungua.

Mama Meshili alimuuguza kweli. Alimnyunyizia maji ya chumvi kwa kichupa, pff, pff, akiwa amezuia pumzi. Alimkatia kucha zote asije akajikuna usingizini. Alimpikia loshoro, mahindi na maziwa mgando, akamlisha kwa kijiko pale uvimbe uliposhuka mpaka taya na kutafuna kukawa kazi. Usiku Nasieku alilala ameketi, ameegemea mito, akisikia kichwa kikiwasha mpaka machozi yanamtoka, mikono ameikalia.

Lakini kuwashwa kulikuwa afadhali. Kilichomtesa ni asubuhi.

Kila asubuhi alitoka nje akamkuta baba yake kwenye kigoda, blanketi jekundu begani, fimbo magotini. Kila asubuhi alisimama mbali kidogo, wima, akasema kwa sauti, "Shikamoo baba." Na Mzee Sirikwa, mtu muungwana tangu zamani, alimwinulia macho safi yasiyomjua.

"Marahaba. Karibu mgeni. Umetoka mbali?"

"Nimetoka mjini, baba."

"Mjini. Mimi nina binti mjini. Mama Meshili, mgeni apewe chai."

Nasieku alikunywa chai ya mgeni kwenye kikombe cha wageni, katika boma alilozaliwa. Mzee alimpigia stori kwa adabu, akamweleza habari za ng'ombe waliokufa zamani na mvua za zamani. Hakumuuliza jina, maana mgeni haulizwi jina kabla hajashiba.

Siku moja mzee aliamka vizuri. Mama Meshili aliona hivyo tangu alipovaa viatu mwenyewe. Nasieku alipokuja na shikamoo yake, mzee alimtazama kwa muda, akasumbuka usoni kama mtu anayetafuta kitu alichokishika sasa hivi. Akanyoosha mkono.

"Njoo hapa," alisema. "Njoo nikuamkie vizuri."

Nasieku akahisi shingo yake inaanza kuinama yenyewe. Mkono ukaja, ule mkono mpana wenye kidole kilichopinda, na duara likasema kwa sauti yake tamu, "Samahani mzee. Naomba usiguse kichwa hiki."

Mzee Sirikwa akauondoa mkono. "Nani anasema?"

"Ni kifaa tu, baba. Nina kidonda. Daktari amekataza."

"Hapana, nimesikia mtu." Akaliinamia duara. "Hujambo wewe?"

"Sijambo mzee. Naomba usiguse kichwa hiki."

"Ana heshima," alisema mzee, akamgeukia Nasieku. "Lakini wewe unakataa mkono?"

"Sikatai, baba. Nangoja nipone."

Mkono ulikuwa bado hewani. Nasieku aliutazama. Alifikiri kwamba ni kugusa mara moja tu. Kwamba labda kesho siku nzuri haitakuwepo. Kwamba jina lake liko pale, mahali padogo kati ya kiganja kile na utosi wake. Angeweza kulivua duara. Akarudi nyuma hatua moja, kwa ajili ya baba yake yule yule, ili siku moja amguse asilie.

Mzee akaushusha mkono polepole akauweka kwenye fimbo. Kwao mtu humnyima mtoto mkono akiwa amemkasirikia sana, lakini mtoto kuukataa mkono, hilo hakuwahi kuliona.

"Basi," alisema bila hasira. "Kumbe si wa hapa."

Nasieku aliingia jikoni akamkuta Mama Meshili amesikia yote. Wifi hakuwa na utani siku hiyo. Alimfuta machozi kwa ncha ya kanga, kwa uangalifu, chini ya kidevu tu, asije akaliamsha duara.

Miche ikashika. Magamba yakadondoka, uvimbe ukaisha, Daktari Hidaya akalivua duara na kusema kwa mara ya kwanza, "Vizuri sana." Halafu, kama kawaida ya nywele za kupandikizwa, zile zilizoonekana zikapukutika zote, na Nasieku akapiga simu kliniki akilia, na daktari akamweleza kwa subira kwamba unywele ndio umeanguka lakini mzizi umebaki, umelala, utaamka kwa wakati wake. Ngozi ya kovu bado ilikuwa nyororo na dhaifu, kwa hiyo shikamoo ikaendelea kuwa ya mbali. Nasieku akarudi kazini Njiro, akavaa taji jipya lisilogusa, akapasua miamba ya mwezini, na kila mwisho wa juma akaenda kunywa chai ya mgeni.

Zikaanza kuchomoza baada ya mvua za vuli. Kwanza vumbi jeusi kwenye panja. Kisha laini kama za mtoto mchanga. Kisha ngumu, zilizojikunja, nywele zake mwenyewe alizozaliwa nazo, zimejaa mahali palipokuwa pamebonyea mpaka kidole kikipita hakijui palikuwa wapi. Mama Meshili alimkalisha chini barazani akamchana kwa chanuo la mbao, akamsukumasukuma kichwa huku na huku kama anavyopenda mtu kusukumwa na wifi yake.

"Kichwa kizima wewe," alisema. "Hata mimi nakuonea wivu. Nenda sasa. Nenda kamwamkie."

Ilikuwa saa za alasiri, jua limelegea, mzee amekaa kigodani. Nasieku alimwendea. Safari hii hakusimama mbali. Alikuja mpaka magotini pa baba yake, akainama, akatoa kichwa.

Kiganja kikatua. Kilikuwa kizito na cha moto, na Nasieku akafumba macho.

"Takwenya," akasema mzee.

"Iko."

Mkono ukasogea. Ukapita panja, ukapita juu ya paji la uso, ukapanda utosini. Ukarudi. Vidole vilikwenda polepole, kimoja kimoja, mahali pote palipokuwa na mabaka, vikatafuta, vikazunguka, vikarudi tena palepale. Nasieku alingoja jina lake.

"Wewe ni binti wa nani?" aliuliza Mzee Sirikwa.

Alibaki ameinama. Aliona mchanga, na viatu vya baba yake, na chungu mmoja akikatiza.

"Ni mimi, baba. Mimi ni Nasieku."

Mzee akacheka kidogo, kicheko cha adabu cha kumsahihisha mgeni. "Umechukua jina la binti yangu. Ni jina zuri. Lakini Nasieku mimi namjua. Nasieku kichwa chake kina vidonda, hapa, na hapa, na hapa." Akamwonyesha kwa kidole juu ya kichwa chake mwenyewe, sehemu zote saba, hakukosea hata moja. "Aliungua kazini, akitutafutia. Hata gizani namjua."

Kwenye mlango wa jikoni Mama Meshili alijiziba mdomo kwa mikono miwili.

Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Ule mkono haukuwa ukimjua kisha ukaviona vidonda. Ulikuwa ukiviona vidonda ndipo ukamjua. Nasieku alikuwa amefuta, mche kwa mche, ile njia pekee iliyobaki ya baba yake kumfikia.

Mzee hakuuondoa mkono. Aliongeza wa pili, akakishika kile kichwa kwa viganja vyote viwili.

"Wewe Mungu amekupa nywele nzuri," alisema. "Nzito kama za mama yake Nasieku. Tulia hapo." Akainua uso, akaomba, kwa sauti ile ya kuombea mvua. "Ee Mungu, uliyempa huyu mtoto wa watu, umkumbuke na mwanangu. Vidonda vyake vipone. Nywele zake ziote kama hizi. Mimi nimeshika kwa mkono wangu, nimeona kwamba unaweza." Kisha akainama karibu. "Ukionana naye huko mjini, mwambie aje. Siku hizi haji."

"Nitamwambia, baba," alisema Nasieku, na machozi yakadondokea kwenye viatu vya mzee.

Alimpigia simu Daktari Hidaya akamweleza. "Sikuliwaza hilo," alisema daktari. "Samahani, dada yangu. Na mimi sikuliwaza." Baadaye akasema tena, "Ule mkono umechelewa kusahau. Labda na kujifunza bado unaweza, polepole. Usiache kumpa kichwa."

Hakuacha. Aliomba likizo akahamia Ngaramtoni. Kila asubuhi aliinama, kila asubuhi aliulizwa ni binti wa nani, kila asubuhi aliombewa nywele alizokuwa nazo. Mara nyingine alitoka pale akaenda nyuma ya migomba kulia. Siku moja alichukua wembe wa wifi yake, akakaa nao mbele ya kioo. Lakini chini ya nywele hakukuwa tena na mabaka, ngozi ilikuwa imejaa na kupona, na angenyoa angekuwa mgeni mwenye upara tu. Akaurudisha wembe mahali pake.

Halafu ikaja asubuhi moja ya baridi, ukungu umekaa kwenye migomba. Nasieku akainama. Mkono ukatua, ukapita mara moja tu, ukatulia.

"Ni wewe," alisema Mzee Sirikwa.

Nasieku hakuthubutu kupumua.

"Mwenye nywele. Yule wa mjini, rafiki yake Nasieku." Alikuwa akitabasamu. "Niambie, umemwona? Mwanangu hajambo?"

Angeweza kusema ni mimi. Alikuwa ameshasema mara nyingi, na kila mara lilimchanganya mzee likamtia huzuni.

"Nimemwona, baba. Hajambo kabisa. Anakusalimu sana."

"Na kichwa chake? Bado kinauma?"

"Hakiumi. Kimepona chote. Nywele zimeota, baba. Kama hizi hizi."

Mkono wa Mzee Sirikwa ukabaki palepale. Nasieku akasubiri kilio, maana alikizoea. Badala yake akasikia kifua cha baba yake kinatikisika, akainua macho kidogo, akamwona anacheka, kichwa nyuma, meno machache yote nje, kama alivyokuwa akicheka zamani ng'ombe akizaa mapacha.

"Niliomba," alisema. "Mimi niliomba, akasikia." Akageukia jikoni akapaza sauti kama kijana. "Mama Meshili. Wewe Mama Meshili. Mletee mgeni loshoro, tena bakuli kubwa. Kaniletea habari za mwanangu."

Mama Meshili alilileta bakuli, akamwekea wifi yake mapajani bila kumtazama usoni. Nasieku akaketi miguuni pa baba yake, akala.